Baba Yangu Aliandaa Meza kwenye Manowari

Mwezi uliopita tulimzika baba mdogo wangu, Asheri, pale Hasamba, na mwanawe Obedi akasimama mbele ya watu na karatasi mbili mkononi. Akasoma kwamba marehemu alimtumikia Mfalme wa Uingereza kwenye manowari, akatunukiwa nishani nne, na aliporudi nyumbani akamlea yatima wa kaka yake. Nishani zenyewe zilikuwa juu ya jeneza, zimepangwa kwenye kitambaa cha kijani. Askari mmoja mstaafu kutoka Mlowo akazipigia saluti.

Yatima huyo ni mimi. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, na upepo ukaniletea harufu ya ndimu na majivu, maana mtu alikuwa amezisugua asubuhi ile zing'ae. Harufu hiyo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka. Nikasimama. Obedi akaacha kusoma, akaja akanishika kiwiko kwa upole kama unavyomshika mgonjwa. "Dada, kaa. Mambo ya wazee yaishie na wazee." Nikakaa. Ndiyo maana naandika.

Mimi nimesoma hadi darasa la pili, basi. Aliyesomeshwa ni Obedi. Kwa hiyo msinitazamie maneno ya kupanga. Nitaandika kama ninavyosema, na majina nitayataja. Asheri hakuwahi kuona maji makubwa kuliko mto. Bahari aliisikia kwa baba yangu kama nilivyoisikia mimi.

Kabla sijamjua baba, nilijua kaburi lake. Lilikuwa nyuma ya nyumba, pale kahawa inapoishia, nundu ndogo ya udongo ambayo hata mbuzi hawakuruhusiwa kuikanyaga. Aliondoka nikiwa mgongoni kwa mama, vita vilipoanza. Siku walipomlilia nilikuwa na akili ya kukumbuka mambo mawili matatu. Nakumbuka kengele ya baiskeli ya Zefania, karani wa baraza la mwene, yaani la chifu wetu, mtu mmoja mwenye viatu vya kung'aa na sauti ya kanisani. Alikunjua karatasi akasema meli imepigwa, imezama, Lameki hayupo tena. Nakumbuka bibi yangu, mama yao Lameki na Asheri, alivyoketi chini pale pale alipokuwa amesimama, na unga ukamwagika.

Sisi ni watu wa milimani. Maji tunayoyajua sisi yana ng'ambo, unamwona mtu wa upande wa pili na unaweza kumsalimu. Kwa ukoo wetu aliyekufa majini hasubiriwi. Waliamini roho yake inachukuliwa na mkondo, na usipoiita mapema inasahau njia ya nyumbani. Basi hata wiki haikwisha, wakateka maji mtoni kwa chungu kipya, wakapanda nayo bila kugeuka nyuma, bibi akiita njia nzima, "Lameki, huku! Lameki, huku!" Chungu kile kikafunikwa, kikazikwa pamoja na jembe lake. Tukanyolewa. Baada ya miezi kadhaa mama yangu, Etina, akapewa Asheri amrithi, kama desturi ilivyotaka.

Hilo la chungu simlaumu mtu. Walimwita kwa upendo. Ninachowalaumu ni barua.

Barua ilikuja kabla ya mavuno yaliyofuata. Baba alikuwa hai, kalazwa hospitali ya wanajeshi nchi ya mbali, na mwenzake alimwandikia. Zefania akaileta kwa kengele ile ile, akamsomea Asheri peke yake shambani. Wakatazamana. Tumbo la mama lilikuwa limeshaonekana; Obedi huyu alikuwa humo. Asheri akaichomeka barua kwenye nyasi za paa, Zefania akapanda baiskeli yake akaenda zake. Nimeiona kwa macho yangu barua hiyo, nilipokuwa msichana mkubwa na tunabadilisha nyasi, na mama akaniambia yote aliyokuja kuyajua baadaye. Kwa hiyo msidhani nasingizia marehemu. Ni Asheri na Zefania. Wawili hao.

Siku aliyorudi baba tulikuwa tunapura ulezi uani, baridi ile ya kupasua midomo. Nikaona mtu anapanda njia ya Mlowo, kavaa koti jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni, begani ana mfuko wa turubai. Alitembea miguu imeachana, kama asiyeamini kuwa ardhi itatulia. Kifuani upande wa kushoto vitu vinne viling'aa na kugongana.

Nguo nyeupe niliyoijua mimi ilikuwa sanda. Bibi alikuwa wa kwanza kumtambua na wa kwanza kukimbia. Alijificha nyuma ya kihenge, akachungulia kwa jicho moja.

"Lameki?"

"Ndimi, mama."

"Umefuata nini?"

"Nyumbani."

"Mwanangu, tulikuita, tukakuzika vizuri. Tulikukosea nini?"

Akatua mfuko chini. "Mama, nina njaa. Maiti hali. Nipe ugali uone."

"Wapo wanaokula," akasema bibi, lakini sauti yake ilikuwa imeshaanza kulia.

Wakamwekea ugali wa ulezi na mboga ya maboga juu ya jiwe la kusagia, wakasimama mbali wakimtazama koo. "Anameza," akasema jirani mmoja. "Hata paka anameza," akajibu mwingine. Yeye akanawa, akakunja mikono ya koti mara mbili, sawasawa, akala bila kudondosha chembe. Hapo mama akatoka ndani na Obedi mgongoni. Baba akamwangalia mama, akamwangalia mtoto, tonge likabaki mkononi.

"Ulikawia," akasema mama.

"Hospitali ilinikawiza. Niliandika."

"Hatukupata kitu," Asheri akadakia kutoka nyuma, jembe begani, kabla mama hajafungua mdomo.

Wazee wakaamua alale kwenye banda la kahawa mpaka mambo yazungumzwe, kwa sababu aliyezikwa hawezi kupita mlangoni hivi hivi. Chakula nitampelekea mimi. Walisema mzimu haudhuru damu yake. Nikatumwa na sahani.

Sasa mnielewe jinsi akili ya mtoto inavyofanya kazi. Wiki ile ile alikuwa amepita kwetu fundi wa kuziba sufuria, na mkebe wa makaa na vipande vya bati. Nilimtazama kutwa nzima. Sufuria inayovuja anaiwekea kipande cha duara, anagonga, anaisugua, halafu anajaza maji na kukupa: "Haya, haivuji." Kwa hiyo nilipomwona mtu aliyekufa yuko hai, na kifuani ana vyuma vinne, viwili vya nyota na viwili vya duara, sikuhitaji kuambiwa. Pale ndipo alipotoboka. Uhai ulitokea pale, na mtu fulani akaziba. Nilijiona mwerevu sana.

Siku ya tatu au ya nne nikapata ujasiri. Alikuwa anazivua nishani kwenye koti moja baada ya nyingine, anasugua kwa ndimu na majivu na kurudisha upesi, na mimi nikaona kwenye kitambaa vitundu vidogo vya pini. Matundu! Niliyaona mwenyewe. Nikanyoosha kidole. "Hii imeziba nini?"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaniona sicheki, akaacha. Baba alikuwa boi wa mezani, ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote ya vita, na aliniambia baadaye kwamba boi mzuri hamkosoi anayemhudumia. Mgeni akisema supu ni chai, unamwuliza anataka sukari kiasi gani. Kwa hiyo hakunikosoa. Akashika nyota ya kwanza kwa vidole viwili.

"Hii, mama, imeziba Dar es Salaam."

Ndivyo nilivyoijua kazi yake, tundu kwa tundu. Alianza jikoni kwa Mzungu mmoja wa kahawa huku kwetu Mbozi, akajifunza kupiga pasi vitambaa vya meza na kumenya viazi bila kukatika ganda. Vita vikaja, Mzungu akaitwa kwenye jeshi la majini, akamchukua. Huko pwani wakampa namba, koti jeupe na kofia, wakampakia kwenye meli ndogo iliyokuwa inasaka mabomu yaliyotegwa baharini. Watu wengine kazi yao ilikuwa kutazama maji; yake ilikuwa kupeleka chai kwa wanaotazama maji. Siku tisa za kwanza alitapika. Siku ya kumi, alisema, miguu ikaelewa kabla ya kichwa, na tangu hapo hakumwaga tena kikombe.

Nyota ya pili ilikuwa imeziba Mombasa na maji yote ya mbele yake. Hapo alihamishiwa manowari kubwa, ndefu kuliko kutoka kwetu hadi kisimani, na ndani yake kuna ngazi, milango ya chuma na jiko la kulisha kijiji. Yeye aliwekwa kwenye chumba cha maofisa. Alijua nani anakunywa chai bila maziwa, nani hali samaki, nani anaandika barua akiwa analia na hataki kuonekana. "Huyo unampelekea chai bila kuitwa," akaniambia, "unaiweka, unaondoka, husemi kitu." Duara la kwanza lilikuwa la kila mtu aliyetumikia mpaka mwisho. Lilikuwa na kichwa cha mfalme asiye na kofia wala mabega.

Duara la pili alilishika muda mrefu.

"Hili limeziba tundu kubwa kuliko yote," akasema.

King'ora kikilia kwenye manowari, boi anaacha sinia. Anashuka chini na wenzake kupokezana risasi za mzinga, nzito kama mtoto aliyelala, mkono kwa mkono kama tunavyopokezana matofali. Siku hiyo meli ilipigwa ubavuni. Taa zikazimika, maji yakaingia. Alimbeba mtu mmoja ngazi tatu mpaka juu, akarudi, akambeba wa pili, akarudi, mara ya tatu mlango ukagoma kufunguka na nyuma yake alisikia watu wakigonga. Hapo hakuendelea. Akakunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja. Halafu akasema yeye hakujua kuogelea, hata leo hajui. Kilichomwokoa ni meza. Meza ya mbao ya maofisa, aliyoifuta kila asubuhi, iling'oka ikaelea, akaikumbatia kutwa nzima mpaka meli nyingine ikawaokota. Na mkubwa mmoja wa jeshi lao akaja hospitali kumbandika kile chuma kwa mkono wake.

"Kilikuuma?" nikamwuliza.

"Kinauma mpaka leo," akasema.

Sikuwa na sababu ya kutia shaka.

Nitawaambia kitu kimoja kuhusu wiki zile, na rika langu litanielewa, maana sisi watoto wa kike wa wakati ule tulizaliwa na sahani mkononi. Nilipompelekea chakula alinikataza kukiweka chini. Alichukua ubao wa kuanikia kahawa akauegemeza juu ya vigogo viwili, akatandika jani la mgomba alilolipitisha motoni likalainika, akapanga vibuyu viwili na kijiko kimoja alichokuja nacho. Akanikalisha. Mimi! Akasimama nyuma yangu, kitambaa kwenye kiwiko.

"Memsahibu atapenda uji au uji?"

"Uji."

"Chaguo zuri sana, memsahibu."

Chakula kilitoka kushoto kwangu, kinywaji kulia, na vyombo vilitua bila sauti, kama ndege anavyotua. Nimepika na kuandalia watu maisha yangu yote, nimemwandalia mume, wakwe, misiba na harusi za watu. Kwa miaka mingi sasa nauza chakula Tunduma kwa wanaovuka mpaka. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniandalia mimi nikiwa nimekaa. Wanawake kisimani walicheka, "Mzimu wenu unapiga pasi majani ya migomba!" Nikawajibu wenu haujui hata kunawa. Nikapigwa kofi, na halikuniuma.

Kosa langu nililifanya shambani. Asheri alikuwa anapalilia kahawa, akaniita. "We Lusia, mtu wako anasemaje kule bandani?" Nikamweleza. Nilimwambia yote, matundu manne na yalivyozibwa, na lile kubwa la mwisho. Asheri akacheka akatupa jembe chini. Halafu kicheko kikamwisha taratibu, nikaona anafikiri.

"Ndivyo yalivyo," akasema. "Mtu kama huyo, vile vyuma vikitoka, hamalizi siku nyingi. Usimwambie kwamba unajua."

Alijua ni mawazo ya mtoto. Na aliyempa ni mimi.

Wazee walikaa uani Jumamosi asubuhi, kibuyu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, katikati na mrija ukizunguka, ingawa wote tulikuwa watu wa kanisa. Baba hakwenda kushitaki barazani kwa mwene kwa sababu karani wa huko ni nani? Zefania. Akaomba hapo hapo mbele ya ukoo: apewe mke wake na mtoto wake, shamba la kahawa libaki kwa Asheri.

"Hata Lazaro alirudi kwa dada zake," akasema bibi.

"Lazaro hakuwa na mke," akajibu Asheri, na wazee wawili wakacheka mpaka mrija ukawatoka.

"Lazaro alipofufuka," akasema baba, "Bwana alisema mfungueni aende zake. Hakusema alazwe na magunia."

Mzee Halinga, mkubwa wa ukoo, akapiga fimbo chini. Akasema kaburi halirudishwi tupu. Lililoitiwa mtu na mtu hayumo litamtafuta mwingine, pengine mtoto. Kwa hiyo Lameki azike badala yake kitu kilichotoka naye majini, kisha anyolewe na mama yake kama mtoto mchanga, apite mlangoni, awe mtu tena.

"Kitu gani?" baba akauliza.

Asheri ndiye aliyenyoosha kidole, kikagusa karibu kabisa na nyota ya kwanza. "Hivyo. Hivyo ndivyo vilivyomweka huko."

Mama alikuwa mlangoni. Baba akamtazama yeye, hakumtazama Asheri. "Nikivizika, napata mke wangu na binti yangu?"

"Zika kwanza," akasema Mzee Halinga. "Mtu aliyekufa haombi."

Nilitamani kupiga kelele. Nilijua kitu ambacho, kwa akili yangu, wazee hawakukijua, kwamba wanamwambia mtu ajizibue. Lakini nilikuwa nimekatazwa kusema, na mtoto wa wakati ule alikatazika. Baba akavua koti. Akatoa pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikwama kwenye uzi, akaikata kwa meno. Akazifunga kwenye kile kitambaa cha kukunja, akaenda nyuma ya kahawa, akachimba kwa mikono mpaka akakifikia chungu chake mwenyewe. Alipogonga kifuniko chungu kiliitika kitupu, maji yalishakauka. Akaziweka humo. Nikatazama kifua chake, shati lilikuwa limelowa. Leo najua ni jasho. Siku ile nilikimbia.

Bibi akamnyoa, akamwogesha maji ya vuguvugu, akamlisha uji kwa kidole. Wakapiga vigelegele akapita mlangoni akiwa ameinama. Ndipo Mzee Halinga akanena neno ambalo baba hakulitegemea.

"Karibu, kitinda mimba. Leo umezaliwa. Asheri ndiye kaka yako."

Watu wakacheka kwa furaha. Baba naye akacheka, akidhani ni sehemu ya sherehe. Akageuka kwa mama. Mzee akamzuia kwa fimbo.

"Huyo ni shemeji yako. Mdogo harithi mke wa kaka yake aliye hai."

Nimeona nyuso nyingi zikianguka maishani, lakini ile niliiona ikibaki inacheka wakati macho yameshaacha. Baba akamwita mama kwa jina, "Etina." Mama alikuwa amempakata Obedi, ananyonya. Akasema polepole, "Nikifuatana nawe, huyu nitamwacha na nani? Nao hawatanipa." Alikuwa sahihi, hawangempa. Mama simtaji kwenye hesabu ya wabaya. Mzee Halinga namtaja, maana alikula mbuzi wa Asheri juma lililotangulia, kila mtu alinusa nyama.

"Basi mtoto," akasema baba. "Nipeni mtoto. Huyu alizaliwa kabla sijafa."

Nilidhani Asheri atakataa. Hakukataa. Alisema kwa upole wa kanisani, mbele ya mashahidi wote, "Mtoto si mbuzi. Akikubali kwa mdomo wake kufuatana nawe, mchukue. Mimi sitamfunga kamba." Wazee wakamsifu kwa busara. Halafu akanitazama mimi.

Zile nishani, kabla sijasahau, Asheri alizifukua baada ya mvua mbili. Alianza kuzivaa kwenye harusi za mbali ambako hawamjui, kisha kwenye za karibu, na Zefania akamtengenezea karatasi. Watu waliojua wakafa mmoja mmoja.

Baba aliondoka Jumatatu. Alisema atavuka Tunduma, aende kule kwenye miji ya shaba, Wazungu wa migodi wana klabu na wanahitaji mtu wa mezani anayejua kazi. Mama akanivika gauni safi na kunifungia viazi vitamu kwenye kitambaa. Hakuniambia nenda, hakuniambia baki. Aliniosha miguu tu, muda mrefu, kila kidole. Asheri akatusindikiza mpaka njia panda. Baba alipotangulia, Asheri akainama sikioni kwangu. "Angalia kifua chake. Umeona anavyopumua?"

Baba alikuwa anapumua kama mtu anayejizuia kulia. Mimi nikaona kingine.

Tulitembea mpaka Mlowo wawili. Njia nzima alikuwa ananipangia. Kule kuna shule, nitavaa viatu. Nitakaa kwenye meza ya kweli. Atanifundisha kukunja kitambaa kiwe kama ua. Nilimwacha atangulie hatua tatu, ili nione kama kuna kitu kinadondoka nyuma yake njiani. Mkono alioninyooshea kwenye kijito sikuushika. Niliruka mwenyewe nikalowa.

Mlowo kulikuwa na lori la mahindi limeelekea Tunduma, utingo akipiga bodi, "Twende, twende, wa mpakani!" Baba akatupa mfuko wake juu, akapanda kwenye tairi, akageuka na kunyoosha mikono yote miwili.

"Haya, memsahibu. Njoo."

Nikarudi nyuma.

"Lusia. Njoo, mama."

"Sitaki."

"Unaogopa gari? Ni kama meli tu, miguu itaelewa."

"Sitaki kwenda na maiti!" nikapiga kelele, na watu wa sokoni wote wakageuka.

Alishuka. Alipiga goti kwenye vumbi na suruali yake iliyopigwa pasi, usawa wa uso wangu, na kama angeniuliza kwa nini, ningemwambia, na angecheka, na angenifungua shati nione ngozi nzima isiyo na tundu. Hakuuliza. Alinitazama tu, kisha akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea agizo. Boi mzuri hamkosoi anayemhudumia. Akasimama, akakung'uta goti, akamwomba mama mmoja muuza ndizi anirudishe Hasamba. Akapanda. Lori likaondoka na yeye amesimama juu ya magunia, miguu imeachana, bila kushika kitu.

Waliokuja kutoka ng'ambo miaka ya kwanza walisema wamemwona, anahudumia kwenye klabu, mnyamavu. Baadaye hawakusema tena, nami nimewauliza wengi.

Nimemtaja Asheri, nimemtaja Zefania, nimemtaja Mzee Halinga. Haki inataka nitaje na mkono ambao haukushikwa pale kijitoni, ulikataliwa na nani.

Muuza ndizi alinifikisha nyumbani jua likiwa bado juu. Asheri akanipokea kwa furaha, akanipa paja la kuku, sehemu ambayo mtoto wa kike hakuwahi kupewa kwetu. Nikala chini, sahani kwenye udongo, nikijiona nimeponea chupuchupu. Nilikula nikashiba, nikaomba nyingine.